Bara hukuaje pembeni? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vipande vya ardhi vilivyojenga magharibi ya Amerika ya Kaskazini

Ukiitazama ramani ya miamba ya Amerika ya Kaskazini, katikati ya bara pametulia: miamba mikongwe, rangi pana zisizobadilika haraka. Ukisogea magharibi, kuanzia Alaska kushuka hadi California, mambo yanageuka ghafla. Rangi zinabanana, vipande virefu vyembamba vimelala ubavu kwa ubavu, kila kimoja na umri wake na asili yake. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila mada hii inapotajwa, iwe na wanafunzi, walimu wa jiografia au ndugu zetu wanaoishi Vancouver, Seattle na San Francisco. Penye utamu nimekaa, na pasipohitaji maneno mengi nimepita.

Kwani mabara hayakuwa na ukubwa huu tangu mwanzo? Yanaongezekaje?

Yanaongezeka, tena hadi leo. Ganda la chini ya bahari huzaliwa kwenye nyufa zilizo katikati ya bahari, husafiri, kisha hufika pembeni mwa bara na kuzama chini yake kurudi ndani ya dunia. Safari hiyo haifanywi na ganda tupu. Juu yake kuna visiwa vya volkeno, milima iliyozama, nyanda nene za lava, na wakati mwingine kipande kizima kilichomeguka kutoka bara jingine. Ganda jembamba linazama, lakini mzigo huo hauzami wote. Unagota ukingoni, unakandamizwa, unabaki.

Kinachofuata ni kama majahazi kwenye gati iliyojaa: la kwanza linafunga gatini, la pili linafunga ubavuni mwa la kwanza, la tatu ubavuni mwa la pili. Aliyeko nje kabisa ndiye aliyefika mwisho. Kwa ujumla ndivyo ilivyo magharibi ya Kanada: ukitoka ndani ya bara kuelekea Bahari ya Pasifiki, unapita kwenye vipande vilivyopachikwa mapema, kisha vilivyokuja baadaye. Nasema kwa ujumla, kwa sababu vipande vingine viliteleza kandokando ya pwani baada ya kufika na kuvuruga mpangilio.

Mwaka 1980 Peter Coney, David Jones na James Monger walichapisha kwenye jarida la Nature makala iliyowashtua wengi: zaidi ya asilimia 70 ya safu za milima za magharibi ya Amerika ya Kaskazini ni vipande vya kutiliwa shaka, yaani vipande ambavyo huwezi kudhani tu kwamba vilizaliwa pale vilipo.

Basi ukingo wa zamani ulikuwa wapi?

Mbali sana ndani ya nchi kuliko unavyodhani. Kuna mahali katika Hifadhi ya Taifa ya Yoho, jimbo la British Columbia, ambapo mwaka 1909 Charles Walcott alikuta visukuku vya wanyama wa ajabu wenye umri wa miaka milioni 508 hivi. Wanyama wale waliishi baharini, kwenye mteremko wa ukingo wa bara la wakati huo. Leo mahali hapo ni juu mlimani, na mpaka Vancouver ni zaidi ya kilomita 500 kwa mstari ulionyooka. Karibu ardhi yote iliyo kati ya milima ile na bahari ya leo ililetwa au ilitengenezwa baadaye.

Kusini zaidi, ndani ya Marekani, ukingo wa kale hauonekani kwa macho lakini unapimika. Miamba ya mabara makongwe ina rubidi nyingi, na aina moja ya elementi hii hugeuka polepole kuwa elementi nyingine, strontiamu-87. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayopanda kupitia ardhi kongwe inachukua alama hiyo na kuganda kuwa graniti; ile inayopanda kupitia ganda changa lenye asili ya bahari haina. Wanajiolojia wakapima graniti moja baada ya nyingine, wakachora mstari pale ambapo uwiano wa strontiamu-87 kwa strontiamu-86 unavuka 0.706. Mstari huo unapita magharibi ya Idaho, karibu na mji mdogo wa Riggins, kisha unashuka kupitia Nevada na kuingia California. Pale Idaho badiliko ni kali mno: ndani ya kilomita chache tu unatoka kwenye bara la kale na kuingia kwenye mabaki ya visiwa vya volkeno vya baharini. Kwangu mimi huu ni mmoja wa ushahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu haumtegemei mtu kuwa na jicho zuri la kutambua mawe.

Kwa nini vipande hivi havizami kama ganda lingine la bahari?

Ni suala la uzito na unene. Miamba ya bara ina wastani wa gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, basalti ya baharini kama 3.0, na mwamba ulio chini yao kama 3.3. Ganda la kawaida la bahari lina unene wa kilomita 7 hivi tu, na linapozeeka hupoa, hushikamana na tabaka zito la chini yake na kuvutwa kwenda chini. Funguvisiwa la volkeno linaweza kuwa na unene wa kilomita 20 au 30, na kipande cha bara zaidi ya hapo. Kitu chepesi na kinene namna hiyo kikilazimishwa kuzama kinakataa, sehemu ya juu inachanika, na inabaki imebandikwa kwenye bara huku sehemu ya chini ikiendelea na safari.

Ila si kila kitu hunusurika. Milima mingi ya chini ya bahari humezwa bila kuacha chochote.

Vipande hivyo ni vya aina moja?

Hapana. Kuna mabaki ya mafunguvisiwa ya volkeno, kama Stikinia na Quesnellia ndani ya British Columbia. Kuna nyanda za lava iliyomwagika baharini: Siletzia, iliyo chini ya pwani ya Oregon na Washington, ni lava ya miaka milioni 56 hadi 49 iliyopita. Kuna vipande vya mabara. Na kuna takataka za bahari zilizokwanguliwa, yaani tope, mchanga na silika, vikasokotwa pamoja na mapande ya ganda la bahari. Eneo la San Francisco limesimama juu ya mchanganyiko huo.

Mnajuaje kwamba kipande kimetoka mbali? Hakuna aliyekuwepo.

Hili ndilo swali kubwa, na jibu lake si moja.

Ushahidi wa kwanza ni visukuku. Ndani ya British Columbia kuna ukanda uitwao Cache Creek wenye mawe chokaa ya kipindi cha Pemi, zaidi ya miaka milioni 252 iliyopita. Yamejaa maganda ya fusulinidi, viumbe vya seli moja vilivyokuwa na milimita chache. Shida ni kwamba fusulinidi hao hawafanani na wale wa umri uleule walioko ndani ya Amerika ya Kaskazini. Wanafanana na wa China na Japani, waliokaa kwenye maji ya joto ya bahari ya kale iitwayo Tethys. Monger na mwenzake Charles Ross waliliandika jambo hili mwaka 1971. Kiumbe wa sakafuni mwenye seli moja havuki bahari nzima ili akafe mahali pamoja kwa mamilioni. Ni mwamba uliombeba.

Ushahidi wa pili ni sumaku. Lava inapoganda, chembe zake za chuma hujipanga kufuata uga wa sumaku wa dunia. Kwenye ikweta mistari ya uga huo iko mlalo. Ukielekea ncha ya dunia inazidi kuinama mpaka inasimama wima. Kanuni yake ni rahisi: tanjenti ya mwinamo ni mara mbili ya tanjenti ya latitudo. Lava iliyoganda kwenye latitudo ya digrii 15 itakuwa na mwinamo wa digrii 28 hivi. Lava iliyoganda Alaska ya kusini, karibu digrii 61, ingekuwa na mwinamo wa digrii 74 au 75. Ukienda Alaska ukakuta lava yenye mwinamo mdogo, unajua hiyo haikuganda hapo. Bila shaka Amerika ya Kaskazini yenyewe nayo imehama, kwa hiyo kipimo hulinganishwa na kile kinachotarajiwa kutokana na miamba ya umri uleule iliyo katikati ya bara.

Ushahidi wa tatu ni zirkoni, chembe ngumu zinazopatikana kwenye mchanga uliogeuka jiwe. Ndani yake kuna urani inayogeuka kuwa risasi kwa kasi inayojulikana, na kwa hiyo kila chembe ina tarehe yake ya kuzaliwa. Mchanga uliotoka kwenye mito ya Amerika ya Kaskazini unabeba zirkoni zenye umri wa milima ya huko. Kipande kikikosa kabisa umri huo kwenye mchanga wake wa zamani, kisha kikaanza kuwa nao kwenye tabaka za juu, umepata kujua lini kilisogea karibu kiasi cha kupokea mchanga kutoka barani.

Na kuna njia ya kupanga mpaka wa muda. Ukikuta vipande viwili vimetenganishwa na ufa, halafu bonge la graniti limeukata ufa huo na kuingia pande zote mbili, basi vilikuwa vimeshaungana kabla ya graniti hiyo kuganda. Pima umri wa graniti, una jibu.

Wrangellia inatajwa sana. Ni nini hasa?

Ni kipande kilichofungua macho ya watu. Kilipewa jina mwaka 1977 na David Jones, Norman Silberling na John Hillhouse, kutokana na milima ya Wrangell iliyoko Alaska. Waliona mfuatano uleule wa miamba ukijirudia mahali palipo mbalimbali: Alaska ya kusini, visiwa vya Haida Gwaii, na Kisiwa cha Vancouver. Chini kuna mabaki ya visiwa vya kale. Juu yake lava ya basalti nene kupita kiasi, inayofikia kilomita 6 hivi Kisiwa cha Vancouver, iliyomwagika miaka milioni 230 hivi iliyopita kwa muda mfupi wa kijiolojia. Juu ya lava, mawe chokaa ya bahari ya kina kifupi.

Vipimo vya sumaku vya lava ya Alaska vilionyesha iliganda umbali wa digrii 15 hivi kutoka ikweta. Kaskazini au kusini mwa ikweta? Hapo palikuwa na utata, kwa sababu uga wa sumaku wa dunia hugeuka mara kwa mara, na lava peke yake haisemi ilikuwa zamu gani. Lakini kwa vyovyote ilikuwa nchi ya joto. Leo lava hiyo iko kwenye nchi ya barafu.

Vilisafiri umbali gani kandokando ya pwani?

Hapa wataalamu wenyewe hawaelewani, na ugomvi una zaidi ya miaka 50. Mwaka 1972 Myrl Beck na Linda Noson walipima sumaku ya graniti ya Mlima Stuart, jimbo la Washington, wakapata mwinamo mdogo kuliko ulivyotarajiwa. Tafsiri moja: miaka milioni 90 hivi iliyopita graniti hiyo ilikuwa maelfu ya kilomita kusini, usawa wa Meksiko, kisha ikateleza kaskazini pamoja na sehemu kubwa ya pwani ya British Columbia.

Wapinzani wakajibu: graniti haina tabaka. Huwezi kujua ulalo wake wa awali. Ikiinama tu kidogo baada ya kuganda, utapata mwinamo uleule bila safari yoyote. Hoja nzito. Watafiti wakahamia kwenye miamba yenye tabaka, wakapata tena mwinamo mdogo. Wapinzani wakasema tope linapokandamizwa chembe zake hulala, kwa hiyo mwinamo hupungua wenyewe. Wakageukia lava zenye tabaka, ambazo hazikandamizwi hivyo, na baadhi yake nazo zikaonyesha safari ndefu.

Wapinzani pia wana swali ambalo halijajibiwa vizuri: ufa uko wapi? Kipande kikiteleza kilomita 3,000, lazima kiache ufa mkubwa wa kuendana na safari hiyo. Ufa wa Tintina, unaopita Yukon, unakubaliwa kuwa umesogeza ardhi zaidi ya kilomita 400. Hizo si kilomita 3,000. Mimi naona wanaodai safari ndefu wana vipimo, na wanaodai safari fupi wana ramani, na hakuna upande uliofanikiwa kuufuta ushahidi wa mwingine.

Ni vipande vilivyolifuata bara, au bara lililovifuata vipande?

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Picha ya vitabuni ina bara limesimama na vipande vinakuja kuligonga. Mwaka 2013 Karin Sigloch na Mitchell Mihalynuk walitumia mawimbi ya matetemeko ya ardhi kutazama ndani kabisa, chini ya Amerika ya Kaskazini, wakaona kuta za mwamba baridi zinazoshuka karibu wima mamia ya kilomita kwa kina. Hayo ni mabaki ya ganda la bahari lililozama zamani. Ukuta wima una maana kwamba mahali pa kuzamia palikaa palepale kwa muda mrefu. Pangekuwa panahama, ukuta ungeinama.

Hoja yao ikawa kwamba mafunguvisiwa yalikuwa yamesimama katikati ya bahari, na Amerika ya Kaskazini, iliyokuwa ikisukumwa magharibi na Atlantiki inayofunguka, ndiyo iliyoyafuata na kuyagonga. Wapo wanaokataa tafsiri hiyo, hasa upande wa mwelekeo wa kuzama. Lakini baada ya kuisoma huwezi tena kuchora mishale ya upande mmoja kwa moyo mweupe.

Mgongano wenyewe huchukua muda gani?

Mamilioni ya miaka. Kwa sentimita 5 kwa mwaka, miaka milioni 10 ni kilomita 500. Kundi la ndani la British Columbia, lenye Stikinia na Quesnellia, liliunganika na bara karibu miaka milioni 180 iliyopita. Kundi la nje, lenye Wrangellia, lilikamilisha kuungana karibu miaka milioni 100 iliyopita. Misukumo hiyo ndiyo iliyokunja na kupandisha mawe chokaa ya ukingo wa kale juu ya yenyewe, yakawa Milima ya Rocky ya Kanada.

Bado inatokea mahali popote?

Ndiyo, na mahali pa kuangalia ni ghuba ya Alaska. Kipande kiitwacho Yakutat kinaigonga Alaska ya kusini kwa kasi ya sentimita 5 hivi kwa mwaka. Matokeo yake ni milima ya Saint Elias: Mlima Saint Elias wenyewe una mita 5,489 na uko karibu kabisa na bahari, na Mlima Logan, mrefu kuliko yote ya Kanada, una mita 5,959.

Septemba 1899 matetemeko makubwa yalipiga Ghuba ya Yakutat. Ralph Tarr na Lawrence Martin walifika huko miaka michache baadaye wakakuta ufuko wa zamani ukiwa juu ya vichwa vyao. Walipimaje? Kwa kufuata maganda ya viumbe vya baharini vilivyokuwa bado vimeng'ang'ania mwamba mkavu. Mahali pamoja walipata ardhi ilipanda zaidi ya mita 14 kwa mkupuo. Ukijiuliza mlima wa mita 5,000 unapatikanaje, anza na hesabu hiyo.

Kwingineko, Taiwan inajengwa na funguvisiwa la volkeno linaloligonga bara la Asia, na kaskazini mwa Australia mgongano kama huo unaendelea upande wa Timor.

Matetemeko ya ardhi ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini yanahusiana na mishono hii ya vipande?

Mengi, ndiyo. Mshono wa kale ni mahali dhaifu, na ardhi ikibanwa huteleza pale ilipowahi kuteleza. Tarehe 3 Novemba 2002 ufa wa Denali ulipasuka kwa tetemeko la ukubwa wa 7.9. Bomba la mafuta la Alaska linauvuka ufa huo, na ardhi ilisogea mita 4 hivi palepale. Bomba halikuvuja, kwa sababu wahandisi wa miaka ya 1970 waliambiwa na wanajiolojia ufa ulipo, wakaliweka juu ya vyuma linavyoweza kuteleza.

Pwani ya Oregon, Washington na Kisiwa cha Vancouver ina hatari ya aina nyingine, ya bamba la bahari, yaani pande kubwa la ganda lake, linaloendelea kuzama chini yake. Tetemeko kubwa la mwisho la huko lilikuwa tarehe 26 Januari 1700. Tarehe inajulikana kwa sababu tsunami yake ilifika Japani na ikaandikwa.

Na madini?

Shaba kwanza. Mgodi wa Kennecott, Alaska, uliochimbwa kuanzia 1911 hadi 1938, ulikuwa kwenye mawe chokaa yaliyokaa juu kabisa ya lava ya Wrangellia; shaba ilitoka kwenye lava ikapanda na maji ya moto. Highland Valley, mgodi mkubwa wa shaba wa British Columbia, uko ndani ya Quesnellia. Jade ya British Columbia inatoka kwenye mapande ya ganda la bahari. Dhahabu ya California, iliyowakimbiza watu kuanzia 1848, iko kwa wingi kandokando ya nyufa zinazotenganisha vipande kwenye vilima vya Sierra Nevada. Maji ya moto yalitafuta njia, na njia ilikuwa mshono.

Ni kweli kwamba Florida ni kipande cha Afrika?

Chini kabisa, ndiyo. Juu kuna mawe chokaa machanga, lakini visima virefu vilivyochimbwa vimekuta chini yake miamba na visukuku vinavyofanana na vya Afrika Magharibi, upande wa Senegali na Guinea. Miaka milioni 300 hivi iliyopita Afrika iligongana na Amerika ya Kaskazini. Bahari ya Atlantiki ilipofunguka baadaye, haikupasuka kwenye mshono uleule, na Florida ikabaki ng'ambo.

Mwaka 1966 J. Tuzo Wilson wa Kanada aliuliza kwenye Nature kama Atlantiki iliwahi kufunga kisha ikafunguka tena. Alikuwa akishangaa visukuku vya trilobiti, wanyama wa kale wa baharini, vilivyokuwa upande usio wao: vya Ulaya viko Newfoundland ya mashariki, vya Amerika viko Uskoti. Mengi ya haya tunayoyajadili yalianzia kwenye swali lile.

Afrika Mashariki nayo ilijengwa hivi?

Ilijengwa kwa migongano, ingawa yake ni ya kale zaidi na mingi ilikuwa ya mabara kwa mabara. Kiini ni kile kinachobeba Dodoma, Singida, Tabora na Mwanza, chenye miamba ya zaidi ya miaka milioni 2,500. Yale mawe makubwa yaliyobebana ziwani Mwanza ni sehemu yake. Pembeni mwake, katika mkanda wa Usagara, kuna eklojiti ya miaka milioni 2,000 hivi, mwamba unaopatikana pale ganda la bahari linapozamishwa kina kirefu. Kwa hiyo ukingo huo wa Tanzania ulishakuwa mahali pa kuzamia enzi hizo.

Baadaye, kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, pande kubwa za dunia ziligongana na kuunda bara kuu la kale liitwalo Gondwana. Mshono wake ni ule Arthur Holmes aliouita Mkanda wa Msumbiji mwaka 1951, unaopita Kenya na Tanzania mashariki hadi Msumbiji. Ukielekea kaskazini, Sudan, Eritrea na Uarabuni magharibi, unakuta mafunguvisiwa ya volkeno yaliyobanwa pamoja, yaani jambo lilelile la British Columbia lililotokea mapema zaidi. Tanzanaiti ya Mirerani na vito vya kijani vya Tsavo vilipikwa ndani ya mshono huo.

Bonde la Ufa nalo halikupasua popote tu. Limekizunguka kiini kigumu cha Tanzania pande mbili, mashariki na magharibi, likifuata mikanda ya kale.

Kilimanjaro je?

Hapana. Kilimanjaro ni volkeno changa ya eneo linalotanuka. Haikutokana na mgongano.

Bara linaweza pia kupungua?

Linaweza. Bamba linalozama linaweza kukwangua ukingo kutoka chini na kuondoka nao. Bara linaweza pia kumegwa: rasi ya Baja California imetenganishwa na sehemu kuu ya Meksiko kwa miaka milioni 6 hivi na inaelekea kaskazini-magharibi, pamoja na Los Angeles, kwa sentimita 5 hivi kwa mwaka. Visiwa vikuu vya Ushelisheli ni graniti ya miaka milioni 750 hivi, kipande cha bara kilichoachwa katikati ya Bahari ya Hindi India ilipokimbilia kaskazini. Kitu kama hicho ndicho kitakachokuwa kipande cha kupachikwa siku kikifika ukingoni mwa bara fulani.

Naishi California. Niende wapi nikaone kwa macho?

Vuka daraja la Golden Gate kuelekea kaskazini, kisha panda vilima vya Marin Headlands kwa barabara ya Conzelman. Kwenye kingo zilizochongwa utaona mwamba mwekundu wenye tabaka za unene wa sentimita chache, zimekunjwa mpaka nyingine zimesimama wima. Huo ni mwamba wa silika uliotokana na mifupa ya radiolaria, viumbe vidogo mno vya baharini, iliyodondoka sakafuni mwa Pasifiki kwa karibu miaka milioni 100, tangu miaka milioni 200 iliyopita. Ukiusogelea kwa lenzi ya mkono unaweza kuona vidoa vyake. Mlundikano wote wa muda huo mrefu ni kama mita 80 tu. Juu yake kuna mchanga wa mawe uliotoka barani, na mpaka kati ya mwekundu na wa kijivu ndio wakati ambapo kipande kilikaribia pwani. Chini yake, upande wa mnara wa taa wa Point Bonita, kuna lava iliyogandia majini kwa mabonge ya mviringo.

Mnara wa kaskazini wa daraja lenyewe umesimama kwenye kipande hicho, na wa kusini umesimama kwenye serpentini, mwamba wa asili nyingine kabisa. Nenda asubuhi ukungu ukiwa umeinuka, vaa viatu vya kushika, na mawe uyaache palepale: eneo lote ni la hifadhi ya serikali na kuokota hakuruhusiwi.